Kubandua wolpepa ya zamani kabla ya kupaka rangi: mwongozo kwa nyumba za Tanga

Ukuta wa nyuma ya TV, sebuleni kwangu Chumbageni, ulianza kuvimba wiki ya pili tangu upakwe rangi. Ilikuwa Aprili, masika imekolea, nguo zinakaa kambani siku tatu hazikauki. Fundi aliyenipakia alikuwa amenihakikishia kwamba hakuna haja ya kubandua wolpepa iliyokuwapo. "Tunapita nayo hivyo hivyo, bosi, rangi itaishika." Kweli ikaishika. Rangi iliishika wolpepa, na wolpepa ikauachia ukuta. Vikajitokeza viputo, kimoja leo kimoja kesho, vikatuna kama chapati kikaangoni, na nilipobonyeza kimoja kwa kidole kikatoa maji ya rangi ya chai.

Kilichotokea si muujiza. Rangi ya maji, kama jina lake, imejaa maji. Ukiipaka juu ya karatasi, maji yanapenya na kuiamsha gundi iliyolala miaka mingi. Ongeza hewa yetu ya pwani ambayo hata chumvi ya mezani inalowa kwenye kikopo, na ukuta ambao ulikuwa na unyevu wake wa siri nyuma ya karatasi, basi kazi imekwisha kuharibika kabla hujamlipa fundi.

Tangu hapo nimebandua vyumba vinne kwa mikono yangu: viwili vya kwangu, kimoja cha jirani, na kimoja cha shangazi yangu Ngamiani, nyumba ya zamani yenye kuta nene za mawe na chokaa. Yafuatayo nimeyajaribu mwenyewe. Ukitaka kuyakumbuka kwa mkato, kumbuka maji: unayaingiza ukutani ili karatasi itoke, halafu unahakikisha yametoka yote ndipo ufungue ndoo ya rangi. Watu wengi wanaiweza nusu ya kwanza.

Kwanza jua una wolpepa ya aina gani

Chovya kidole kwenye maji, dondoshea tone juu ya wolpepa, subiri dakika moja. Tone likinywewa na pale pakageuka rangi, hiyo ni karatasi tupu. Ndiyo rahisi kuliko zote. Tone likikaa juu kama lilivyo kwenye jani la mgomba, una wolpepa ya plastiki. Sasa nenda kwenye kona ya juu, ingiza ukucha, vuta kidogo. Ngozi ya juu ikitoka na kuacha karatasi nyeupe nyuma yake, ni ya tabaka mbili: utaondoa plastiki ikiwa kavu, kisha utalowesha karatasi iliyobaki. Ikitoka nzima, nyuma inanata kama selotepu, hiyo ni ya stika. Zile za kuchonga mfano wa matofali, laini kama sponji, nazo ni kundi hilo hilo la stika, na kwa maoni yangu ndizo zenye laana. Zinabandikwa kwa nusu saa, zinabanduliwa kwa siku mbili.

Halafu jua ukuta wenyewe

Hapa ndipo nyumba za Tanga zinapotofautiana na za kwenye video za mtandaoni. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ukisikia mlio mtupu kama wa kabati, ni ubao wa jipsamu. Ukisikia mlio mzito, kwangua kidogo kwa sarafu mahali pasipoonekana, nyuma ya mlango kwa mfano. Unga wa kijivu unaotoka kwa shida ni lipu ya saruji. Unga mweupe unaotoka bila kubisha, kama chaki, ni lipu ya chokaa, na utaikuta zaidi kwenye nyumba za zamani za katikati ya mji na Ngamiani, kama ilivyo kwa wenzetu wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo.

Lipu ya saruji inavumilia maji na msuguano. Ubao wa jipsamu una ngozi ya karatasi, ukiulowesha sana unavimba na kumeguka. Chokaa ina mambo yake. Nilipofika kwa shangazi na ndoo ya maji ya moto yenye siki, alikuwa amekaa barazani anachambua mchicha. Nikamwamkia, akaitikia, akaichungulia ndoo.

"Hiyo siki ya nini?"

"Ya kulainisha gundi, shangazi."

"Kwa ukuta wa chokaa? Mwanangu, ndimu ukiimwagia chokaa inafanyaje?"

Inachemka, inatoa povu. Tindikali inakula chokaa, na siki ni tindikali kama ndimu. Nikaimwaga, nikachanganya maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo tu. Kwa hiyo: kwenye saruji, siki ruksa, kwenye chokaa, hapana.

Maandalizi

Chagua majira. Masika ya Machi hadi Mei usijaribu, labda paa liwe linavuja na huna budi. Vuli nayo ina siku zake. Mimi napenda Januari na Februari, kaskazi inavuma na jua ni kali, au Julai na Agosti wakati wa kusi, ambapo hewa ni ya baridi kidogo na madirisha yakiwa wazi pande mbili upepo unapita chumbani wenyewe.

Zima umeme wa chumba hicho, na kama kisanduku chako cha breka hakijatenganisha vyumba, zima meni swichi kabisa. Maji yatatiririka ukutani na soketi ziko ukutani. Fungua vifuniko vya soketi na swichi uvitoe, kwa kuwa karatasi mara nyingi imeingizwa chini yake, kisha ziba matundu kwa nailoni na tepu. Usimwamini mtu anayesema "nitakuwa mwangalifu tu." Fanya kazi mchana, kwa mwanga wa dirisha.

Sogeza vyombo katikati, vifunike. Sakafuni tandika turubai, na juu yake matambara au magunia ya zamani, maana turubai peke yake likilowa linateleza, na gundi iliyolowa inateleza kuliko sabuni.

Vifaa ni vichache: skrepa ya upana wa vidole vinne, ambayo pembe zake umezipitisha kwenye msasa zisikwaruze lipu, ndoo mbili, sponji kubwa au dodoki, kisu chenye wembe, glavu, msasa, na kitu cha kupulizia maji. Chupa ya saluni inatosha kwa ukuta mmoja. Kwa chumba kizima nunua bomba dogo la mgongoni au la mkononi la kupulizia dawa shambani, lakini liwe jipya. La shamba lenye masalia ya sumu ya wadudu lisiingie sebuleni kwako hata ukilisuuza mara kumi. Vyote hivi nilivipata madukani karibu na soko la Mgandini kwa asubuhi moja.

Kubandua

Anza na kavu. Kona ya juu, au mahali vipande viwili vinapokutana. Wolpepa nyingi za roli zina upana wa sentimita 53, kwa hiyo ukiwa huoni maungio chini ya rangi iliyopakwa juu, pima sentimita 53 kutoka kwenye kona na upapase kwa ncha ya kidole, utausikia mstari. Ukuta wangu wa mita 3.5 ulikuwa na vipande saba, na nilipojua hivyo kazi ikawa na hesabu: kimoja baada ya kingine, si vita na ukuta mzima.

Ukishapata mwanzo, usivute kuja kwako. Hapa ndipo lipu inapong'oka. Kunja kile kipande kirudi chini, kikae karibu kabisa na ukuta, kisha vuta taratibu kuelekea sakafuni kama unayemenya ganda la ndizi. Nguvu inakwenda kwenye gundi, haiendi kwenye lipu. Kwa wolpepa ya tabaka mbili, plastiki yote ya juu inaweza kutoka hivi pasipo tone la maji.

Kilichobaki kinahitaji kunywa. Kama bado kuna plastiki iliyogoma, ichanechane kidogo kwa ncha ya kisu, mikato myepesi ya kupita karatasi bila kufika lipu. Changanya maji ya moto unayoweza kuyavumilia kwa mkono, sabuni kidogo ya vyombo, na kwa ukuta wa saruji kikombe kimoja cha siki kwa kila lita nne. Pulizia kuanzia juu, eneo la kipande kimoja au viwili tu kwa wakati. Ukilowesha ukuta mzima, nusu itakauka kabla hujaifikia na gundi itakamata upya.

Sasa subiri dakika kumi na tano. Najua ni ngumu. Mkono unawasha kushika skrepa. Kwa siku zenye upepo, maji yanakauka kabla hayajafanya kazi, na mbinu iliyonisaidia ni kubandika nailoni nyepesi juu ya sehemu iliyolowa. Inashika yenyewe kwa maji yale yale. Ukiitoa, karatasi imelainika kama mkate uliochovywa chai, na skrepa inapita chini yake ikiikusanya kwa mikunjo. Ielekeze skrepa karibu na kulala, isichimbe. Ikianza kukwaruza, rudia maji badala ya kuongeza nguvu. Nilichonga shimo la ukubwa wa kiganja nyumbani kwa jirani kwa kukosa subira ya dakika tano, na nililiziba kwa siku mbili.

Pale palipokataa kabisa, tumia pasi. Tandika taulo iliyolowa na kukamuliwa, pitisha pasi ya moto juu yake kwa nusu dakika, inua, kwangua. Mvuke unafanya kazi ambayo maji hayakuiweza. Pasi inahitaji umeme, kwa hiyo ichomeke chumba kingine, waya usipite kwenye maji, na mikono iwe mikavu.

Za stika hazitaki maji, zinataka joto. Draya ya nywele, sentimita kumi kutoka ukutani, pasha kona mpaka ilegee, kisha pasha na kuvuta, pasha na kuvuta. Gundi inayobaki inanata kama ulimbo. Isugue kwa kitambaa chenye tapentaini au mafuta ya taa kidogo, madirisha wazi, pasiwepo jiko wala sigara karibu, na draya iwe imeshazimwa na kuwekwa mbali. Baada ya hapo osha kwa maji na sabuni mara mbili, la sivyo yale mafuta yataifukuza rangi.

Kwenye ubao wa jipsamu nenda kwa maji kidogo kabisa, sponji iliyokamuliwa. Ukiona karatasi ya kahawia inatokeza, umefika kwenye ngozi ya ubao: acha. Na kama wolpepa ilibandikwa juu ya ubao usiopakwa chochote, huenda isitoke bila kuondoka na ubao. Hapo, na ni hapo tu, ningekubaliana na yule fundi wangu: kata zilizolegea, ziba maungio, paka praima ya mafuta, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha, juu ya wolpepa yenyewe, ndipo puti na rangi. Kosa lake lilikuwa kuiruka ile praima.

Gundi ambayo huioni

Karatasi ikiisha, ukuta unaonekana safi, na hapa ndipo watu wanapofungua rangi. Subiri kwanza. Lowesha kiganja, pitisha ukutani. Ukiteleza kama umeshika bamia, gundi bado ipo. Rangi ikipakwa juu yake inakauka na kupasuka vipande vidogo vidogo kama udongo wa bwawa lililokauka.

Kama unashuku ilibandikwa kwa uji wa unga, na wengi walifanya hivyo kwa unga wa ngano au wa muhogo, nunua kichupa cha iodini duka la dawa. Dondoshea tone. Ikigeuka bluu inayokaribia nyeusi, wanga upo. Gundi nyingine za madukani hazina wanga wa kugeuka rangi, kwa hiyo tone likibaki la kahawia usishangilie. Kiganja ndicho kipimo cha mwisho.

Osha kwa maji ya moto na sponji, ndoo moja ya kuoshea na ya pili ya kusuuzia, na ubadilishe maji kila yanapokuwa mazito. Mimi nilimwaga ndoo sita kwa ukuta mmoja. Ya sita ndiyo ilikuwa angavu.

Ukungu, chumvi na ile harufu

Nyuma ya wolpepa ya plastiki ukuta wa pwani haupumui. Usishangae kukuta madoa meusi, hasa nyuma ya kabati na chini ya dirisha. Huo ni ukungu. Vaa barakoa na glavu, changanya kikombe kimoja cha jiki kwenye lita nne za maji, paka, acha dakika kumi, suuza.

Lakini kabla ya hapo hakikisha siki yote imeoshwa na ndoo zimesuuzwa. Jiki ikikutana na siki inatoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Mimi huziweka hizo kazi siku mbili tofauti, na chupa mbili hizo hazikai chumba kimoja.

Unga mweupe unaong'aa kama sukari chini ya ukuta ni chumvi. Imetoka kwenye mchanga wa pwani uliofyatuliwa tofali, au imepandishwa na unyevu wa ardhini. Iondoe kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ndani, kisha inatokeza tena juu ya rangi mpya. Ikirudi ndani ya wiki moja, usipake bado. Tafuta maji yanakotoka: bomba linalovuja, mfereji wa nje ulioziba, udongo uliorundikwa ukutani upande wa uani.

Ukikuta rangi ya mafuta ya zamani chini ya wolpepa, usiipige msasa mkavu. Rangi za miaka ya nyuma huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni hatari zaidi kwa watoto na wajawazito. Ilowanishe, isugue ikiwa na maji, kusanya uchafu wote, na watoto wawe nyumba nyingine siku hiyo.

Kukausha

Siku mbili za upepo na jua zinatosha ukuta wa saruji wakati wa kaskazi. Wa chokaa, ulio mnene, nilimpa shangazi wiki nzima. Badala ya kubahatisha, kata nailoni ya mraba wa sentimita 45, ibandike ukutani kwa tepu pande zote nne jioni, iache mpaka kesho yake mchana. Ikiwa na umande upande wa ndani, ukuta bado una maji. Rudia baada ya siku mbili.

Viraka na rangi

Mashimo na nyufa ziba kwa puti ya ukutani, tabaka nyembamba mbili ni bora kuliko moja nene, kisha msasa laini na ufute vumbi. Kama ulilazimika kurudishia lipu ya saruji mahali, kiraka hicho kinahitaji takriban siku 28. Ngozi ya jipsamu iliyochanika paka kwanza praima ya mafuta, ndipo puti, la sivyo itavimba. Halafu praima ukuta mzima. Mtu akikuambia uiruke, mwambie uliwahi kula chapati za ukutani.

Kwa hesabu ya rangi: chumba cha mita 3 kwa 3.5 chenye urefu wa mita 2.7 kina kuta za mita za mraba 35 hivi. Toa mlango na dirisha, zinabaki 32. Lita moja hufunika kama mita za mraba 10 kwenye ukuta laini, ukipaka mara mbili ni lita sita na nusu. Galoni mbili za lita nne, na kinachobaki kifunike vizuri kwa ajili ya marekebisho.

Shangazi hakutaka rangi ya dukani. Alitaka chokaa, na nadhani alikuwa na haki: ukuta wa chokaa unapumua, ukiupaka rangi ya plastiki unauvalisha tena koti la mvua. Tukachanganya chokaa na maji tukaiacha usiku kucha, asubuhi tukaichuja kwa kitambaa, tukalowesha ukuta kidogo na kupaka tabaka tatu nyembamba kwa brashi pana, macho tukiyakinga kwa miwani kwa kuwa chokaa inachoma. Ikiwa mbichi huonekani umepaka kitu. Inang'aa ikikauka.

Siku ya kurudisha vyombo, kabati lisiguse ukuta. Acha nafasi inayoingia ngumi, upepo upite nyuma yake, na masika yakianza ingiza mkono huko upapase.